Picha za ndege wa majini wakiruka: kasoro imetoka wapi?

Yangeyange ameinuka kwenye maji ya kina kifupi, mabawa yamefunguka, jua liko mgongoni kwako, na kamera imepiga fremu 20 kwa mpigo mmoja. Baadaye unazifungua kwenye skrini kubwa na hakuna hata moja inayoridhisha. Hapo wengi tunaanza kumtafuta mchawi: lenzi mbovu, kamera ya zamani, fokasi isiyoshika. Nami nilipitia huko, nikabadilisha mipangilio kwa kubahatisha kwa muda mrefu, mpaka nilipozoea kuitazama picha mbaya kwa makini kuliko nzuri. Kila kasoro huacha alama yake. Fokasi iliyokosea haifanani na mkono uliotikisika, na mkono uliotikisika haufanani na hewa yenye joto. Ukizitofautisha, utajua cha kurekebisha. Usipozitofautisha, utatibu ugonjwa usiokuwepo.

Kwa hiyo usifute fremu mbovu siku hiyo hiyo. Zikuze hadi asilimia 100, uangalie kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga), tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga) na ISO (kiwango cha kukuza mwanga uliopokewa) ya kila moja, na utazame fremu tano au sita zilizofuatana badala ya moja peke yake. Fremu jirani mara nyingi ndizo zinazotoa ushahidi.

Picha haina ukali

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina vyanzo vingi kuliko mengine yote. Jiulize kwanza: je, kuna kitu chochote kilicho kali ndani ya fremu? Anza na jicho la ndege, kisha mwili, mabawa na miguu, halafu maji na majani yaliyo mbele na nyuma yake.

*Matete ya nyuma yanaonekana vizuri, ndege ni ukungu.* Fokasi imemwacha ndege na kukamata mandhari. Mfumo wa fokasi hutafuta mahali penye tofauti kali ya mwanga na kiza, na ukingo wa matete una tofauti hizo nyingi kuliko ubavu laini wa ndege mweupe. Mawimbi yanayometameta hufanya hivyo hivyo. Mara nyingi kosa ni la wakati: ndege alikuwa ameshafika mbele ya matete ndipo ukaanza kulenga. Mfuate angali mbali, juu ya maji matupu au angani. Kamera imshike hapo, ili akifika penye vurugu iwe inaendeleza kazi iliyokwisha kuianza. Kamera nyingi zina mpangilio unaoamua iwapo fokasi itahama haraka au itasita pale kitu kingine kinapoingia kwenye njia yake. Kwa ndege wanaoruka chini chini mbele ya majani, iweke isite. Lenzi ndefu nazo huwa na swichi ya kuweka mpaka wa umbali. Ukizuia lenzi isitafute vitu vya karibu, haitapoteza muda kusafiri hadi mita chache mbele yako na kurudi wakati ndege anapita zake.

Hakikisha pia kwamba umewasha fokasi ya mfululizo, ile inayoendelea kujirekebisha muda wote kidole kikiwa kwenye kitufe. Linaonekana jambo dogo mno, lakini ni la kwanza ninaloliangalia mtu akiniletea kamera "isiyoshika". Fokasi ya mara moja hujifunga pale ilipomkuta ndege, na ndege hakai pale.

Kamera za siku hizi zinazotambua jicho la ndege zimepunguza sana tatizo hili. Ila ndege akiwa mdogo ndani ya fremu, au akipita mbele ya kundi la wenzake, jicho halionekani na kamera huchagua inavyotaka. Hapo mimi hutumia eneo la fokasi la ukubwa wa wastani. Eneo la fremu nzima linakaribisha matete, na nukta moja ndogo humponyoka ndege kila mkono unapoyumba.

*Kifua ni kikali, jicho halina ukali.* Hili linawahusu hasa ndege wa shingo ndefu. Yangeyange na jamaa zake wa jamii ya kulasitara hukunja shingo kama herufi S wanaporuka, kwa hiyo jicho halikai mbali sana na kifua. Heroe, kwarara, domomwiko na korongo huinyoosha mbele yote. Heroe akija kwako kwa mshazari, jicho lake limetangulia kifua kwa umbali mkubwa kuliko eneo la ukali ulilonalo, yaani kina cha mbele hadi nyuma ambacho vitu vilivyomo huonekana vikali. Tufanye hesabu kidogo. Lenzi ya milimita 500 kwa f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kwenye kihisi cha fremu kamili (sehemu inayopokea picha, yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), ndege akiwa mita 20, inakupa eneo la ukali la sentimita 54 hivi. Kwa f/8 linafika sentimita 77. Ndege akiwa mita 10, kwa f/5.6, zinabaki sentimita 13 tu. Na kulasitara wa kijivu, Ardea cinerea, upana wa mabawa yake unazidi mita moja na nusu.

Kwa hiyo akiinama kwenye kona, bawa moja kuelekea kwako na jingine mbali, haiwezekani ncha zote mbili ziwe kali. Hiyo si hitilafu. Chagua jicho, funga tundu la lenzi hadi f/8 mwanga ukiruhusu, na upe kipaumbele ndege anayepita ubavuni, maana shingo, kichwa na mwili wake viko karibu umbali mmoja kutoka kwako.

Lakini kama ukali uko nyuma ya mahali ulipolenga siku zote, hata ndege akiwa amesimama tuli, suala ni jingine. Kwenye kamera zenye kioo cha ndani, fokasi hupimwa na kihisi cha pembeni, nacho kinaweza kutofautiana na kile kinachopiga picha. Weka kamera kwenye tripodi, lenga kitu bapa chenye maandishi, piga kwa kutumia kitazamio, kisha piga tena kwa kutumia skrini ya nyuma. Ikiwa ya skrini ni kali zaidi kila mara, tumia marekebisho madogo ya fokasi yaliyomo kwenye menyu ya kamera. Kamera zisizo na kioo hupima fokasi kwenye kihisi chenyewe cha picha, kwa hiyo usianzie huko.

*Jicho ni kali, mabawa yamefifia.* Kasi ya shata haikutosha. Ndege anayeruka mita 15 kwa sekunde husogea milimita 15 ndani ya 1/1000 ya sekunde, na milimita 6 ndani ya 1/2500. Kamera inayomfuata hufuta sehemu kubwa ya mwendo huo wa mwili, lakini haiwezi kufuta mwendo wa bawa, kwa sababu bawa linakwenda juu na chini wakati wewe unakwenda pembeni. Ndege wakubwa wenye mapigo ya polepole hutulia kwa 1/1250 au 1/1600. Vitwitwi, ndege wadogo wa pwani wanaogeuka kwa kundi, wanadai 1/2500 hadi 1/3200, na hata hapo ncha ya bawa huweza kufifia.

Watu huiogopa ISO, wakabaki na 1/800 jioni. Chenga, yaani vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa, hupunguzika kwenye programu ya kuhariri, ila bawa lililovutika limevutika. Panda hadi ISO 1600 au 3200 bila wasiwasi kama ndege amejaa kwenye fremu. Lakini niseme wazi kwamba ncha ya bawa iliyofifia kidogo huku jicho likiwa kali mimi naipenda, maana inaonyesha ndege yuko hai na yuko safarini. Kasoro ni pale unapotaka manyoya yote yahesabike ukayakosa.

*Kila kitu kimevutwa upande mmoja.* Tazama vimetameta vya jua kwenye maji. Kila kimoja kimegeuka kuwa mstari, na mstari huo ndio ramani ya mkono wako. Mistari ikilala na ndege akiwa mkali, umemfuata vizuri. Hiyo ndiyo picha wanayoitafuta wanaopiga kwa makusudi kwa 1/30 au 1/60. Mistari ikilala na ndege pia amevutika, kasi yako na yake hazikulingana. Mistari ikisimama wima, kidole kimeipiga kamera badala ya kuibonyeza.

Dawa iko mwilini. Simama miguu ikielekea pale ndege atakapomalizia njia yake, kisha ujigeuze nyuma kumpokea, ili kiuno kijifungue anavyokaribia badala ya kujisokota. Viwiko vibane mbavuni. Na usiache kumfuata pale unapoachia kitufe: endelea kidogo baada ya fremu ya mwisho, la sivyo fremu hizo za mwisho ndizo zitakazotikisika. Kama lenzi yako ina kituliza mtikisiko chenye hali ya pili iliyotengenezwa kwa kufuata kitu kinachokwenda pembeni, itumie. Hali ya kwanza hujaribu kutuliza kila upande, pamoja na mwendo unaoutaka.

*Hakuna kilicho kali, wala hakuna mvuto wowote.* Nimeacha hili mwisho kwa kuwa ndilo linalowatesa watu bila kujulikana. Kingo za ndege zimelainika kama picha iliyo nyuma ya kioo chenye mvuke. Fremu ya tatu ina mdomo uliopinda kidogo, ya nne ina mdomo ulionyooka lakini mguu umetetemeka. Fokasi iko pale pale, kasi ya shata ni 1/3200, na bado hakuna kitu.

Hiyo ni hewa. Tope lililoachwa na maji, mchanga, au ukingo wa ziwa ukipata jua hupasha hewa iliyo juu yake. Tabaka za hewa za joto tofauti hupindisha mwanga kila moja kwa kiwango chake, nazo hazitulii. Lenzi ndefu inakuza ndege na inakuza mitetemo hiyo pia. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoizuia, wala hakuna kitelezi cha ukali kitakachoirejesha picha, kwa sababu taarifa haikufika kwenye kihisi. Kipimo chake ni rahisi: tulia, kuza picha kwenye kitazamio, lenga kijiti kilichosimama mbali kwenye tope. Kijiti kikicheza, usiilaumu kamera.

Cha kufanya ni kupunguza hewa iliyo kati yako na ndege. Mita 15 saa nne asubuhi zinaweza kukupa picha ambayo mita 60 hazitakupa siku nzima. Nenda alfajiri kabla ardhi haijapata joto, au siku ya mawingu, au mpige ndege akiwa juu angani ambako tabaka la moto limebaki chini. Ukipigia ndani ya gari, zima injini na kiyoyozi, fungua dirisha, na usubiri hewa ya ndani na ya nje zilingane. Joto linalotoka dirishani hufanya uharibifu ule ule nusu mita tu kutoka kwenye lenzi. Wakati mwingine hata kofia ya lenzi (ile ya kuzuia jua mbele ya lenzi) iliyochomwa na jua huhifadhi hewa moto ndani yake. Kuna siku nilivua kofia hiyo, na picha zikabadilika mara moja.

Ikiwa fremu za kwanza ni kali na za baadaye zinafifia ndege anavyokaribia, fokasi inaachwa nyuma. Mara nyingi kuna kikuza lenzi kati ya lenzi na kamera: cha mara 1.4 hupunguza mwanga kwa hatua moja (unabaki nusu), cha mara 2 kwa hatua mbili, na kwa kawaida fokasi nayo hupungua mwendo. Kivue uone.

Weupe umeungua, au ndege amegeuka kivuli

Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kama unapiga yangeyange au kunguru. Kinachukulia kwamba vyote vilivyo mbele yake, kwa wastani, ni vya kijivu cha kati. Ndege mweupe mdogo mbele ya maji meusi: kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na manyoya yanaungua mpaka yanakuwa karatasi tupu. Ndege yule yule akipanda na anga jeupe likawa nyuma yake, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na anakuwa kivuli. Mwanga unaomwangukia ndege haukubadilika hata kidogo kati ya fremu hizo mbili. Kilichobadilika ni mandhari.

Ndiyo sababu kwa ndege wanaoruka mbele ya mandhari inayobadilika ninapendelea kuweka mwanga kwa mkono: kasi, tundu na ISO vyote vimefungwa. Jua kali lisilo na wingu likiwa nyuma yako, ISO 400, f/8 na 1/3200 ni mwanzo mzuri kwa ndege mweupe. Kwa ndege wa rangi ya wastani, shuka hadi 1/1600. Piga fremu ya majaribio, angalia histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwanga, kiza kushoto na weupe kulia) na onyo la weupe linalowakawaka, kisha urekebishe kwa theluthi ya hatua. ISO ya otomatiki haikuokoi hapa. Ingawa unaona umeweka kasi na tundu mwenyewe, bado ni kipimo kile kile kinachoamua, na mandhari bado yanakidanganya.

Hali ya mawingu yanayopita ni tofauti, kwa kuwa hapo mwanga wenyewe unabadilika kila dakika. Rudi kwenye otomatiki na utumie fidia, yaani kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko inavyopima: punguza theluthi mbili hadi hatua moja na theluthi kwa ndege mweupe mbele ya kiza, ongeza hatua moja hadi mbili kwa ndege yeyote mbele ya anga jeupe.

Kuna nusu-kosa linalofichika zaidi. Histogramu inaonekana salama, lakini heroe au domomwiko wa waridi ana mabaka yasiyo na nyoya hata moja. Angalia histogramu ya rangi tatu: nyekundu imegonga ukuta wa kulia peke yake. Ile ya jumla imechanganya rangi zote na kuficha hilo. Punguza mwanga theluthi moja au mbili na upige faili za RAW, zile zinazohifadhi taarifa zote za kihisi bila kuzibana.

Kivuli chini ya mabawa ni jambo la saa. Jua likiwa utosini, upande wa chini wa bawa hauna mwanga isipokuwa ule unaorudishwa na maji au mchanga. Jua la chini huingia chini ya bawa lenyewe. Ukilazimika kupiga mchana, chagua ndege anayepita juu ya mchanga mweupe au maji ya kina kifupi, na ngoja bawa likiwa limeinuliwa.

Mabawa yamepinda kwa namna isiyo ya kawaida

Bawa linaonekana kama mpira uliovutwa, ilhali fokasi ni nzuri. Umetumia shata ya kielektroniki. Kihisi hakisomwi chote kwa mara moja. Kinasomwa mstari baada ya mstari, na kwenye kamera nyingi usomaji huo huchukua muda mrefu zaidi ya kasi ya shata uliyoiandika. Mstari wa juu umeliona bawa mahali pamoja, wa chini umelikuta limeshasogea. Rudi kwenye shata ya mekaniki, ukubali kelele yake na fremu chache. Kamera zenye kihisi kinachosomwa kwa haraka sana hazina tatizo hili kwa kiwango cha kuonekana.

Fremu tupu, mikia tu, mabawa yaliyokatwa

Kama una mamia ya picha za migongo ya ndege, kasoro haiko kwenye kamera. Uko upande usiofaa wa upepo. Ndege huinuka na kutua wakielekea upepo unakotoka. Upepo ukivuma kutoka mgongoni kwako, watakujia uso kwa uso. Ukikupiga usoni, utaona mikia mpaka jioni. Siku njema ni ile ambayo upepo na jua vyote viko nyuma yako, na upepo wa asubuhi ukipingana na jua, tafuta ukingo mwingine au ujipange kwa ndege wa ubavuni.

Fremu tupu za mwanzo wa kuruka zinatokana na kusubiri mruko uuone ndipo ubonyeze. Soma dalili kabla. Yangeyange huinama mbele, hunyoosha shingo, hukunja miguu kidogo, na mara nyingi hujisaidia sekunde chache kabla ya kuondoka. Vitwitwi huacha kula, huinua vichwa na kuanza kuitana. Baadhi ya kamera huweza kuhifadhi fremu za kabla hujabonyeza kikamilifu. Ni msaada mkubwa, ingawa hujaza kadi na kukuletea kazi ya kuchambua.

Kamera ikigoma katikati ya tukio, bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya kamera, imejaa. Piga mifululizo mifupi ya fremu nne au tano badala ya kushikilia kitufe, na tumia kadi yenye kasi ya kuandika.

Mabawa yaliyokatwa ni dalili ya tamaa ya ukaribu. Mwache ndege nafasi, hasa mbele yake na juu, kwa kuwa bawa likiinuliwa hufika mbali kuliko ulivyodhani ulipompima akiwa amesimama. Lakini usisahau bei ya kukata baadaye: kihisi cha megapikseli 24 ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na megapikseli 6.

Na kuna "suluhisho" moja la fremu tupu ambalo naliomba lisitumike: kuwatimua. Ndege wa pwani hukusanyika kupumzika maji yakijaa kwa sababu tope wanalolishia limefunikwa, na kila wanaporushwa wanaunguza akiba waliyoipata kwa shida. Oktoba 2022, ndege mchanga wa pwani wa spishi ya Limosa lapponica aliyefungwa kifaa cha satelaiti aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, bila kutua. Safari ya namna hiyo hulipiwa kwa mafuta yaliyokusanywa kidogo kidogo kwenye tope. Kaa chini, tulia, ngoja. Vichwa vikiinuka vyote kwa pamoja, umeshakaribia kupita kiasi. Rudi nyuma.

Kasoro zinazozaliwa kwenye kuhariri

Picha iliyotoka vizuri kwenye kamera huharibiwa mezani kwa kasi ya kushangaza, na karibu kila mara kwa kitelezi kilichosukumwa mbali mno.

Mstari mweupe au mweusi unaomzunguka ndege dhidi ya anga hutokana na ukali uliozidi, au na vitelezi vya uwazi na vya kuondoa ukungu vilivyotumika kwenye picha nzima. Rudisha vyote sifuri, kisha ongeza ukali kwa ndege peke yake kupitia maski (eneo ulilolichagua lihaririwe peke yake), anga lisiguswe. Kama mstari unabaki hata vitelezi vikiwa sifuri, maski yako ya awali imeng'ang'ania ukingo vibaya. Ilainishe kwa pikseli moja au mbili. Na kama mstari una rangi ya zambarau au kijani, hiyo ni lenzi. Washa profaili ya lenzi na kiondoa rangi za kingoni.

Ndege mweupe mwenye bawa la bluu upande wa kivuli huwafanya watu wabadilishe joto la rangi la picha nzima, na upande wa jua ukawa wa njano. Kivuli hicho kweli ni cha bluu, kwa sababu kinaangazwa na anga badala ya jua. Acha joto la rangi linalofaa upande wa jua, weka maski kwenye kivuli, na upunguze ukolezo (nguvu ya rangi) wa bluu pale tu. Usiuondoe wote. Ndege asiye na bluu kabisa kivulini huonekana kama amebandikwa. Vivyo hivyo kwa dhahabu ya alfajiri: yangeyange wa saa kumi na mbili na nusu hakuwa mweupe, na hakuna sababu ya kumfanya awe.

Waridi wa heroe hutoka kwenye chakula chake, rangi za karotenoidi zilizomo kwenye mwani na viumbe wadogo wa majini, na hutofautiana kutoka ndege hadi ndege. Ukiona kundi lote lina waridi mmoja, umezidisha ukolezo. Shusha ukolezo wa nyekundu, punguza mwangaza wa nyekundu peke yake, na mistari ya manyoya mara nyingi itarudi.

Chenga zikiwa nyingi kwenye kivuli kuliko kwenye ndege, uliipiga picha giza ukaja kuinua mezani. Safari ijayo panda ISO papo hapo, hadi weupe ukaribie ukuta wa kulia bila kuugusa. Kwa picha uliyonayo, punguza chenga kwanza, ongeza ukali baadaye. Ukifanya kinyume, unanoa chenga kisha unajaribu kuzifuta. Anga linavumilia kulainishwa sana, manyoya hayavumilii: ubavu wa ndege ukianza kuonekana kama plastiki, rudi nusu njia.

Madoa ya mviringo angani yanayokaa mahali pale pale fremu baada ya fremu ni vumbi kwenye kihisi. Huonekana zaidi kwa f/11 na f/16. Yafute, na usafishe kihisi. Mistari kama ngazi kwenye anga la jioni imetoka kwenye kuhariri JPEG. Anza tena na RAW kwa biti 16. Upeo wa maji ulioinama urekebishe kabla ya kukata picha, maana kunyoosha hula pembe, na pembe hiyo inaweza kuwa ncha ya bawa. Rangi zikiwa nzuri kwenye programu na mfu kwenye simu, faili imetoka ikiwa na nafasi ya rangi pana. Itoe upya kwa sRGB, nafasi ya rangi ya kawaida ya skrini.

Linabaki bawa lililokatwa kidogo, sentimita mbili tu za manyoya nje ya fremu, na programu iliyo tayari kuzijaza. Itazijaza vizuri, tena kwa manyoya ambayo ndege huyo hakuwa nayo. Urefu na umbo la manyoya makubwa ya bawa husaidia kumtambua ndege, na uchakavu wake na mpangilio wa kubadilishwa kwake huwasaidia watafiti kukadiria umri. Mimi huikata picha ndani zaidi, nikaifanya kuwa picha ya kichwa, shingo na bega, ili ionekane wazi kwamba bawa liliachwa nje. Ukiamua kujaza, iandike kwenye maelezo ya picha.